Mwalimu Mfaume Pazi Hakuwa Mtunza Maktaba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi 1982 ulipofumba macho katika hospitali ya Tumbi, mkono wako ukiwa mkononi mwa Mama. Nyumba bado haijazoea. Mama hujisahau akapika chai ya tangawizi ya watu wawili.

Ulikuwa mpole. Wanachuo wote uliwaita "mwenzangu," hata aliyeripoti jana. Hukutoka darasani bila kufuta ubao.

Ulitoka Mzenga, ukasoma Kisarawe hadi darasa la nane, ukapata cheti cha ualimu cha daraja la pili, basi. Lakini baada ya 1967, ilipotakiwa tufundishe historia yetu wenyewe na vitabu havipo, kila likizo ulipanda baiskeli ukarudi Mzenga kukaa na wazee. Ukaandika waliyoyakumbuka ya vita vya Majimaji, ya kodi ya kichwa, ya mashamba ya Wajerumani. Ulijaza madaftari kumi na tisa. Wanachuo wa chuo chetu kidogo cha ualimu cha Kibaha walisomea humo.

Yanayofuata si desturi kuandikwa katika kumbukumbu. Zena, kifungua mimba wako, ameomba yaandikwe.

Mwaka 1979 wakaguzi walikuwa wanakuja kuamua kama chuo kiruhusiwe kutoa stashahada. Mkuu wa chuo, Mwalimu Laurean, alimwagiza Zena, aliyekuwa mkufunzi mwenzako kwa mwaka wa tatu, aandike ukurasa mmoja: wakufunzi wa historia na elimu zao.

Akaanza na Mwalimu Onesmo, mwenye shahada ya Makerere. Akafuata Mwalimu Stellamaris, aliyesomea Ujerumani ya Mashariki na kuandika tasnifu juu ya mashamba ya mkonge. Akajiandika mwenyewe, shahada ya Mlimani. Alipofika kwako, kalamu ilisita. Aliona aibu, Baba. Tunalisema kama alivyotuambia: aliona aibu darasa lako la nane lionekane chini ya Makerere na Ujerumani, na watu wajue kwamba huyo ndiye baba yake. Akakuhamishia ukurasa wa watumishi wengine: Mfaume Pazi, mtunza maktaba.

Ukurasa ulipobandikwa katika chumba cha walimu, uliusoma, kisha ukamwita pembeni.

"Zena, mimi ni mtunza maktaba tangu lini?"

"Ni kwa ajili ya wakaguzi tu, Baba. Wanataka shahada."

Ulivua miwani ukaifuta kwa ncha ya shati, ukaivaa tena. "Haya, mama. Basi nitawapangia vitabu."

Na kweli ukawapangia. Siku ya ukaguzi ulisimama kando ya rafu na kitambaa cha vumbi mkononi. Mkaguzi mmoja alichukua daftari lako moja, akasoma kurasa kadhaa akiwa amesimama vile vile.

"Kazi hii ni ya nani?"

Zena alikuwa hatua mbili kutoka kwako. "Ni ya idara," akajibu.

"Nani hasa katika idara?"

"Ni mimi."

Mkaguzi akampa mkono wa pongezi. Wewe ulipokea lile daftari, ukalirudisha mahali pake, ukatoka kwenda kuwatafutia wageni maji ya kunywa.

Chuo kilipata ruhusa. Uliendelea kufundisha kama kawaida, ila kwenye majalada ukabaki mtunza maktaba, wala hukulitaja tena jambo lile. Zena alikuwa akingoja siku nzuri ya kukuomba radhi. Hata pale Tumbi, alipokuwa akikulisha uji, alifungua kinywa aseme, nawe ukamwuliza kama wanachuo wamemaliza mtihani. Akajibu ndiyo, akachota kijiko kingine. Kesho yake ukatutoka.

Baada ya arobaini alikwenda Mzenga kwa Bibi Sikudhani, ambaye maneno yake yamejaa katika madaftari matatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye Zena! Baba yako alitusimulia. Alisema binti yake amewaonyesha wakubwa maneno yetu, wakayasoma wima."

"Hakusema jambo jingine?"

"Jingine lipi, mjukuu wangu?"

Zena alilia mpaka bibi wa watu akadhani ni uchungu wa msiba.

Aliporudi alimwomba Mwalimu Laurean ukurasa ule urekebishwe. Akaambiwa, "Lile jalada limekwisha kwenda Dar es Salaam. Ukilifukua, utajifukuzisha kazi mwenyewe." Akaogopa, miezi ikapita. Ilipokaribia siku hii ya leo, alituambia anataka kuandika ukweli hapa. Mdogo wake Mbaraka hakukubali.

"Utuanike gazetini kwa nini, dada? Baba mwenyewe alinyamaza."

Mama ndiye aliyejibu. "Alinyamaza kumsitiri mwanawe. Sasa mwana aseme."

Basi juma lililopita Zena alipeleka barua chuoni na nakala kwa wakaguzi, akieleza kazi ile ni ya nani na yeye alisema nini. Majibu hayajaja. Huenda akabaki kazini, huenda asibaki. Nasi wengine hatuna pa kujitetea. Tulijua tangu mwaka ule ule, tukajiambia hayo ni mambo ya chuoni, tukaendelea kula nawe sahani moja bila kukuuliza kama umeumia.

Unakumbukwa na mkeo Zubeda, wanao Mbaraka, Mwanakheri na Mashaka, wajukuu zako, ndugu zako wote wa Mzenga na Kisarawe, na wakufunzi wenzako wa historia, Onesmo na Stellamaris, walioomba majina yao yawe hapa kwa kuwa nao walinyamaza.

Na mwanao Zena, anayekuomba radhi mbele ya watu.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Mwalimu.