Gunia Chini ya Kitanda

Jumanne, 3 Septemba

Tuko hai. Hilo kwanza.

Jana nilikuwa kisimani nafua, ardhi ikatikisika. Si ule mtetemo wa kila mara, unausikia na chai unaendelea kunywa. Huu ulinitupa chini na ndoo juu yangu. Mtu akapiga ukelele, "Bahari! Mlimani!" Nikakimbia moja kwa moja, nguo nikaziacha, nyumba nikaiacha, mume wangu Elifas na mama yake nikawaacha! Walinikuta juu baadaye, bibi mgongoni kwa Elifas, wote wawili hoi.

Bahari haikuja. Alfajiri Elifas kapanda boti ya mizigo kwenda Ambon kumtazama mwanetu Rolan chuoni, maana simu zimekatika.

Nimeshuka na wengine. Jiko nililiacha linawaka, sufuria juu. Nimekuta moto umezimika, majivu yamelowa. Mungu mkubwa.

Lakini gunia hakuna! Gunia la karafuu, kavu kabisa, jasho letu la msimu mzima na ada ya Rolan. Lilikuwa hapa kando ya mlango.

Wifi yangu Yosina anasema alimwona Oktovina akishuka peke yake wakati sisi wote tuko juu. Oktovina jirani yangu, mjane, nyumba zetu zinapumuliana. Niliitazama tu nyumba yake. Nadhani kila mtu aliona nilikotazama.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimetundika matakau, hirizi ya kumlaani mwizi. Mimi, mwalimu wa watoto wa Jumapili! Mchungaji akisikia… atasikia tu.

Babu Lasarus ndiye anayelitengeneza. Aliniuliza nataka la nyoka, la papa au la tumbo. Nikasema la tumbo. Akafunga chupa kwa kitambaa chekundu, akatia vitu vyake humo. Huku anafunga, ananionya: aliyeiba tumbo litamvimba mpaka aje mwenyewe kuomba maji ya kufunguliwa. "Lakini una hakika umeibiwa, Mama Mina? Likitundikwa bure humrudia mwenyewe."

"Nina hakika, Babu."

Tumelitundika kwenye mkarafuu wangu wa njiani, kila apitaye alione. Nikatamka laana kwa sauti. Oktovina alikuwa anafagia uwanja wake.

"Mina, hilo la nini tena? Si tungeomba tu kanisani?"

"Asiye na kitu tumboni haogopi," nikamjibu.

Watu wakacheka. Nikakipenda kile kicheko, nisijidanganye.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani Oktovina kaketi peke yake, benchi zima. Yosina kapita pale akasema leo kuna watu wana nafasi ya kulala kabisa.

Watoto nimewafundisha "Usiibe." Kwa sauti, dirisha wazi.

Jumanne, 10 Septemba

Sijui niandike vipi.

Nimepanda kwenye jiwe, kule juu ambako simu hushika. Elifas kapatikana. Rolan mzima, hana hata mkwaruzo. Nikamwambia Elifas tumeibiwa. Akacheka!

"Gunia? Liko kwenye kibanda cha sago, nyuma ya magogo. Nililibeba hadi pale, mama akaishiwa nguvu. Sikuweza kubeba vyote viwili, nikambeba mama. Si nilimwambia akwambie?"

Alimwambia mama yake, Bibi Batseba! Bibi Batseba ambaye jana tu kaniuliza mimi ni binti wa nani na nimekuja kufanya nini jikoni kwake.

Nimekwenda kibandani. Lipo. Limefunikwa matawi, limefungwa kwa fundo la Elifas, lile lisilofunguka. Nimelikumbatia kama mtoto aliyepotea. Halafu nikamkumbuka Oktovina, nikakaa pale pale kwenye maganda ya sago.

Nilipaswa kulibeba kichwani, nipite katikati ya kijiji, niseme jamani nimekosea. Badala yake nimesubiri njia itulie. Nimelifunika kwa kuni, nimepita nyuma ya migomba, nimeinama. Wezi ndivyo wanavyotembea. Nimeiba gunia langu mwenyewe!

Liko chini ya kitanda. Chumba kinanuka karafuu. Bahati msimu huu kila nyumba inanuka.

Elifas sikumwambia kuhusu matakau. Angenitemea mate kwenye simu, na ningestahili.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nilikuwa naenda kwa Babu Lasarus aje kulishusha. Kweli kabisa, nilishavaa. Nilikwisha tunga na maneno: Elifas kanipigia, ni yeye aliyelificha, tucheke yaishe.

Yosina kanikuta mlangoni. "Umesikia? Oktovina kaanguka kisimani. Tumbo!" Alilitamka hilo tumbo kama mtu anayetangaza harusi.

Nikarudi ndani, nikavua gauni.

Nikisema leo, wataniitaje? Mwalimu wa Jumapili, mshirikina, mwongo. Wote kwa mpigo. Ngoja kesho, litakuwa limepoa. Ni tumbo tu. Watu huumwa matumbo kila siku, hata wachungaji.

Alhamisi, 12 Septemba

Halijapoa.

Ferdi, muuguzi wetu, kambonyeza Oktovina tumbo akatoka jasho jembamba, Ferdi mwenyewe. Anasema ni utumbo, lazima apasuliwe, na upasuaji uko Masohi, ng'ambo. Boti imepatikana. Oktovina kakataa. Tumbo la matakau likiguswa na kisu kabla halijafunguliwa, mtu hafiki kesho. Ferdi kabembeleza, kafoka, kamwita mkaidi. Wapi! Na mimi simcheki, maana nimelelewa na maneno hayo hayo. Nilipokuwa na mimba ya Rolan nilikataa sindano kwa hofu kama hiyo.

Adhuhuri akaja binti yake, Relin. Nilikuwa nasonga papeda, uji mzito wa sago, mwiko mkononi. Kapiga magoti kwenye majivu.

"Mama Mina, mama yangu hakuchukua gunia. Siku ile aliona moshi kwako. Akasema nyumba ya Mina inaungua, akashuka, tukamlilia asishuke, bahari inakuja. Akamwagia jiko lako maji, akapanda tena. Ndicho alichofanya, mama. Hicho tu."

Majivu yaliyolowa. Na mimi nikamshukuru Mungu, nikamaliza hapo.

Unadhani nilimwinua? Nilimwambia, "Nenda kamwangalie mama yako, nakuja." Nikafunga mlango. Papeda ikagandia kwenye sufuria.

Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wangu sijui uliumbwa na nini. Nimeshika tumbo langu jioni nzima, nasikilizia. Si lilitundikwa bure? Si linarudi kwa mwenyewe? Haliumi. Afadhali lingeuma.

Ijumaa, 13 Septemba

Watu wananisubiri nje na mimi naandika. Wazimu gani huu! Lakini nikisimama nitalazimika kwenda.

Boti iko ufukweni, mashine inanguruma. Oktovina wamemlaza barazani kwake, tumbo gumu kama ubao, midomo imekauka. Kijiji kizima kipo. Babu Lasarus amelishusha matakau, kaliweka miguuni pake. Kasema mwenye matakau atamnywesha maji kwa mkono wake, atataja kilichoibwa na aliyekiiba mbele ya watu. Baada ya hapo daktari anaweza kumgusa.

Oktovina akanitafuta kwa macho.

"Mina, nisamehe. Nilichukua karafuu zako."

Watu wakasogea.

"Asubuhi ile tuliposhuka. Zilizoanguka chini ya mti. Konzi moja, ndugu yangu, nizitafune kwa ajili ya jino. Sikukuomba."

Konzi moja! Ningempa kikapu.

Yosina akadakia. "Konzi moja ndiyo ivimbishe tumbo hivyo? Sema gunia, Okto! Usife na uongo."

"Konzi moja," Oktovina akasema.

"Sema gunia!" Sasa si Yosina peke yake. Akina mama wa kwaya. Wavulana waliosimama kwenye ukuta. Hata Ferdi alisema mama, sema lolote wanalotaka, muda unakwisha.

Oktovina akafumba macho. "Haya. Gunia. Nilichukua gunia. Nataka kuishi, jamani. Mnyamazisheni Relin asilie."

Na mimi nilikuwa nimesimama hapo. Hatua mbili kutoka kichwani pake. Nilikuwa na ulimi mdomoni na sikuutumia. Kitu pekee nilichoweza ni kumsogelea Babu Lasarus nikamnong'oneza: na maneno yakiwa si ya kweli?

Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Basi hayo ni maji tu."

Akajua. Nadhani amejua tangu siku ya chupa. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Nenda kwako, Mama Mina, kachukue maji ya nyumba yako. Usikawie."

Ndiyo nipo hapa.

Hata maji tu yatamtosha kupanda boti, hilo ndilo linalonijaribu. Nikisema uongo atapanda. Nikisema kweli atapanda. Yeye atavuka vyovyote vile. Ila akipona atarudi hapa kuishi mwizi, ukuta kwa ukuta na mimi, na kila asubuhi atanisalimia kwa unyonge akinishukuru nilimsamehe. Na asipopona watamzika mwizi, Relin akifuata jeneza la mwizi, na mimi nitaimba kwaya. Ninajijua. Nitaimba vizuri tu.

Alishuka na bahari inakuja! Kwa jiko langu!

Glasi nimejaza. Nimemwaga nusu, nimejaza tena. Gunia nimelivuta kutoka chini ya kitanda hadi mlangoni, limeacha mchirizi wa vumbi sakafuni. Nilidhani nitalibeba kwa mkono mmoja, glasi kwa mwingine. Halibebeki.

Yosina anagonga. "We Mina! Maji ya kwako ni mpaka mvua inyeshe? Mtu anakufa!"

Nimeiweka glasi chini. Gunia linataka mikono miwili—