Mtani Amekuja na Jembe

Ngombezi, Korogwe
4 Februari 2024

Shangazi mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, natumaini nawe na kuku wako hamjambo. Simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Majibu ya damu yangu yametoka. Saratani ya utumbo iliyomwua babu, kisha baba, haikuwa uchawi. Kuna kasoro ndogo kwenye chembe za urithi, na mimi ninayo. Si ugonjwa, ila inaniweka karibu nao kuliko watu wengine. Huenda nawe umeirithi. Daktari anataka utumbo wako uangaliwe kwa kamera, wakikuta kitu wakitoe mapema. Nimebaki na wewe tu.

Mwanao, Husna

Handeni
20 Februari 2024

Husna mwanangu,
Marahaba. Huku wazima, mvua tu inatuzungusha. Kamera ipite huko nyuma, mbele ya daktari niliyemzidi umri? Hapana. Siumwi popote.

Shangazi yako

Ngombezi
3 Machi 2024

Shangazi,
Shikamoo. Baba naye alisema haumwi popote.

Nimemsimulia Mzee Ponsiano, rafiki yake wa kiwandani. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazigua, watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kusema nisichoweza mimi.

Mwanao

Handeni
28 Aprili 2024

Husna,
Hujambo? Mimi sijambo, ila nina hasira. Ponsiano wako alikuja na jembe begani. Mbele ya majirani akasema, "Mzigua, umegoma hospitali, nimekuja kuchimba kaburi mapema." Akanipima kwa mpini. "Mfupi huyu! Kazi itaisha kabla ya chai." Akaondoka na jogoo wangu, eti haki yake ya matanga. Nilimtukana mpaka nikacheka.

Kisha nikauona mstari aliouchora uani, urefu wangu kamili. Nikafunga mzigo.

Hospitali wamekuta kinyama kimeota utumboni, wamekikata hapohapo. Kingeachwa, kingekuwa kile kilichomwua kaka, baba yako. Heshima yangu nimerudi nayo yote.

Na wewe? Umeangaliwa kwa kamera lini? Mbona barua zako zinanihusu mimi tu? Ponsiano ni jirani yako, na jembe analo.

Shangazi yako

Ngombezi
19 Mei 2024

Shangazi,
Shikamoo, na pole ya safari. Ponsiano amekuja na jembe. Anasema mimi mrefu, nitamchosha.

Niliogopa. Kukuhimiza wewe kulikuwa rahisi zaidi. Juzi nimekwenda: utumbo safi, nirudi mwakani.

Jogoo wako alikuwa amefugwa kwake akingoja majibu yangu. Leo kachinjwa na Iddy, jirani Mwislamu mwenzetu, ili nami nile. Alikuwa mtamu sana, shangazi. Samahani.

Mwanao, Husna