Mtoto wa Kwanza Huzaliwa kwa Mama

Machimboni, Bulyanhulu

Kwako Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Hujambo hapo nyumbani? Mvua imeshuka? Kifua cha baba kimepoa? Sisi huku tu wazima. Mkweo Masanja bado anashuka shimoni, ila mimi nimeacha kuosha mchanga kwa zebaki tangu nesi aliponifokea. Sasa nawapikia wachimbaji maandazi.

Nimeandika kwa sababu simu ya jirani yenu ukiongea inasikika mtaa mzima, na tumbo hili tulikubaliana tulifiche mpaka wakati wake. Mdogo wangu Doto akusomee mlango ukiwa umefungwa.

Barua uliyomwandikisha Doto, kondakta wa basi la Mhunze alinifikishia: kwamba umeshakandika chumba, bibi amechuma dawa, na nije kujifungulia kwako kama ilivyo mila yetu. Nililia kwa furaha, Mayu. Kisha nikaenda kliniki Kahama. Nesi alinipapasa tumbo, akanipima damu. Mtoto amelala kwa kukingama, na damu yangu ni pungufu.

"Kwenu kuna zahanati?" akauliza.

"Ipo, ila haina paa."

Akacheka. Nikamwambia, "Dada, usicheke. Kuta zile tumezipandisha wenyewe, maji ya kufyatulia matofali nimebeba kichwani." Akaniomba radhi, tukaelewana.

Mayu, simlaumu bibi. Mikono yake ndiyo iliyonipokea mimi. Lakini dada Minza naye alikuwa mikononi mwake, na mtoto alipokwama tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaukuta mto umejaa. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya ng'ombe pale ukingoni, tukisubiri maji yapungue huku Minza akiita jina lako. Tulirudi naye akiwa hai, mtoto amefungwa kwenye kanga. Naogopa mto ule mpaka leo, nakwambia kweli.

Basi nimeamua, na ubishi wangu unaujua maana umenizaa mwenyewe. Kijijini siji kujifungulia. Karibu na hospitali Kahama kuna nyumba ambako wajawazito wa mbali hukaa kusubiri siku zao. Nimeomba nafasi, nimepata. Wanaruhusu mtu mmoja wa kunipikia. Masanja alidhani nitamwita mama yake. Nikamwambia, "Mama yako nampenda, lakini hapana."

Najua shangazi atasema mjini kumeniharibu na mila nimeitupa. Mwambie sijaitupa. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, nami nataka hivyo hivyo.

Nisalimie bibi, jina la mtoto atalitoa yeye, na dawa yake ya kunawa nitaipokea, ya kunywa aiache kwanza. Minza mwambie namkumbuka kila siku. Baba mwambie awatoe mbuzi wake kwenye ile zahanati, kwa sababu Masanja na wachimbaji wenzake wanaotoka kwetu Kishapu wanakuja kiangazi kuiezeka. Wameahidi mbele yangu, na mimi si mtu wa kusahau ahadi.

Na wewe Mayu, usinitumie kanga wala michembe ya viazi kwa kondakta. Panda basi uje Kahama, uvilete mwenyewe. Mahali utakapotandika mkeka wako, hapo ndipo kwa mama, na mwanangu atazaliwa hapo.

Ni mimi binti yako mbishi,
Kabula