RAM za Mirongo na Sauti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
"RAM ni RAM, mzee. Ikiwaka, imekubali." Maneno ya Deo, muuza kompyuta za mtumba pale Mirongo. Uongo. Hata gari bovu huwaka. Nikamweleza mbele ya wateja wake: prosesa yangu ni ya zamani, ukiipandisha kasi unaiburuta na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. RAM isiyohimili kasi hiyo itakosea, tena kimya kimya. Mteja mmoja akadakia: "Mwalimu, umekuja kununua au kuhubiri?" Vyote viwili.

Nimechukua mbili. Lebo zinafanana, kasi kubwa kuliko ninayohitaji. Ndivyo mtu anavyochagua.

Jumanne, 4 Machi
Haraka yote hii ni kwa ajili ya rekodi za Mama. Anataja ukoo wetu kwa Kisukuma, jina kwa jina, na kila mmoja alizikwa wapi. Nyuma yake inanguruma mashine ya kukoboa mpunga ya jirani. Nasafisha kelele hizo. Kwa kasi ya sasa ya kompyuta sitamaliza kabla ya kuanua tanga lake, kwetu Magu, Jumamosi ya tarehe 15. Shija, mdogo wangu, alizihamishia kwangu, kisha akaifuta simu ya Mama na kumpa mwanawe. Hakuna nakala nyingine.

Jumatano, 5 Machi
Nimepandisha kasi. Inakimbia! Kipimo cha RAM kinataka saa nyingi mfululizo. Umeme umekatika katikati. Nimeanza upya. Umekatika.

Alhamisi, 6 Machi
Umekatika tena. Mpaka hapo kipimo hakikuonyesha kosa hata moja. Inatosha. Nimeanza kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Imejizima yenyewe. Joto, bila shaka. Nimefungua ubavu wa kasha, nimeielekezea feni.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kanisani nikafungua makala yangu ya bei ya pamba. Katikati ya aya, herufi zisizo za lugha yoyote. Si joto hili.

Naogopa kufungua rekodi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefungua. Mama anafika kwa babu yake, kisha mlio kama bati linakatwa, kisha yuko kwenye habari nyingine kabisa. Jina limemezwa. Faili la pili hivyo hivyo. La tatu halifunguki. Na programu ilihifadhi juu ya mafaili ya mwanzo. Niliiamuru hivyo mwenyewe, kuokoa nafasi.

Nimechomoa RAM, nikakwangua lebo kwa ukucha. Chini ya moja kuna lebo nyingine. Kasi ndogo.

Nilishuka Mirongo nikiwa moto. Deo hakunyanyua hata kichwa. "Mzee wangu, zinakuja hivyohivyo kwenye boksi. Mi sibandiki lebo." Huenda ni kweli. Nilikataa mdomo wake, nikaamini karatasi yake. Miaka yote hii nawatukana watu wanaoamini kitu kwa sababu kimechapishwa.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudisha RAM za zamani na kasi ya zamani. Kompyuta imetulia. Kilichoharibika kimebaki vilevile.

Shija amepiga simu. "Shikamoo kaka. Majina ya kina bibi yapo?" Hayapo. Nilimwambia hivyo. "Basi amebaki Mama mdogo Kabula. Na siku hizi ananiita kwa jina la baba." Nilikata simu.

Jumamosi, 15 Machi. Magu
Tanga limeanuliwa. Spika ya kuwasikilizishia rekodi niliiacha kwenye begi. Niliwaambia ukweli, nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ni baya zaidi.

Mama mdogo Kabula alikaa kwenye mkeka akaanza kutaja. Alifika mbali. Kisha akakwama kwenye jina moja, akatazama viganja vyake, akaomba maji.

Kesho wote wana safari. Nitawasomea haya kabla ya chai. Shija, nanyi wadogo zangu wote: msipande gari. Kaeni na Mama mdogo hapa, mtaje pamoja naye, asubuhi na jioni, mpaka majina yawatoke bila kuulizwa.