Sauti ya Serikali Inatoka Irving

Jumamosi, 12 Januari 2019

Leo nimepata kazi ya serikali. Mie! Mtu wa darasa la tatu la Unguja, na hilo nalo sikulimaliza.

Kidawa, binti yangu, anafanya kazi za kompyuta hapa Irving, Texas. Amekubaliana na ofisi moja huko kwetu Komoro: matangazo ya serikali yasiishie kubandikwa mlangoni kwa Kifaransa. Mtu apige namba, asikie tangazo kwa lugha yetu ya Ngazija. Bure. Kwanza alimjaribu kijana mmoja wa chuo — sauti kama mbu. Nikasema nipe mie hiyo simu. Nikawaita watu wa visiwani wote wasikie, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kidawa akacheka, akasema basi ni wewe, baba.

Jumapili, 20 Januari 2019

Tunafanya hivi. Karatasi inakuja. Polycarpe, jirani yetu Mkongo ninayefanya naye kazi ghalani Garland, anatusomea Kifaransa. Kidawa anageuza kwa lugha yetu. Mie nashika kichwani, maana kusoma kwangu ni kwa kujikwaa. Lakini kichwa changu sanduku! Mwisho nataja tarehe, nasema: limesemwa leo. Hiyo nimetunga mwenyewe.

Polycarpe akauliza zamani habari zilifikaje. Nikamweleza. Kwetu mwanamume aliyefanya harusi kubwa ya ada, hata kama keshaoa zamani, ndiye mtu mzima. Anavaa joho, anakaa mbele, anasema. Asiyefanya ni mtoto, hata awe na mvi. Habari ya serikali inaingia kwa watu wazima kwanza. Wakishaitafuna, ndio wanapata watoto na wanawake. Harusi yangu nilifanya 2011, kwa jasho la ghala lile lile la Garland. Ng'ombe walichinjwa mpaka mbwa wakasusa nyama.

Polycarpe akanitazama. "Mzee, kumbe kwenu ata habari inavalaka joho?"

Nilimnunia. Baadaye nikacheka chooni peke yangu.

Jumanne, 5 Februari 2019

Wanapiga! Kidawa kanionyesha kwenye kompyuta mstari unaopanda kama ngazi. Na anayepiga anaweza kuacha maneno yake. Kuna mwanamke mmoja, mjane, anauza mikate. Alipiga akasikia meli ya kwenda kisiwa cha Mwali imeahirishwa. Basi hakulala bandarini na mwanawe mgonjwa. Kaniombea dua ndefu. Hajui jina langu, kaniita Bwana wa Simu.

Nimeisikiliza mpaka Kidawa kanifichia simu.

Jumatano, 20 Februari 2019

Limekuja tangazo zito. Serikali inatoa viwanja kwenye barabara mpya, kando ya mji wetu hasa. Raia yeyote aombe, mwanamume au mwanamke. Anayewahi ndiye anayeandikwa kwanza.

Hatujarekodi, Khalfan akapiga kutoka Houston. Huyu ndiye mkubwa wa watu wazima wetu wote wa Texas. Keshapata fununu, sijui kwa nani. Anataka nilishikilie mpaka wiki ijayo, wenye majoho na jamaa zao waombe kwanza, ndio ada. Nikasema mwenye mtambo ni Kidawa.

"Mtambo wake, sauti yako, Msa," akasema. "Na joho tulikuvika sisi."

Nikikataa nitatengwa. Kutengwa kwetu si mchezo. Husalimiwi. Hualikwi. Ukifa hawaji kukuosha. Na hapa Texas watu wa mji wetu ni hao hao, hakuna wengine.

Alhamisi, 21 Februari 2019

Sikula.  Nikamwuliza Kidawa wiki moja ina ubaya gani, viwanja havina miguu. Akasema sawa, baba, ila mwisho wa tangazo utasema limesemwa lini?

Nikakasirika. Nikatoka, nikazunguka maegesho ya magari na kandambili, baridi hiyo. Nilikuwa namtukana Khalfan, kisha Kidawa, kisha Polycarpe na joho lake la habari. Halafu nikamkumbuka yule mjane wa mikate. Nani mwenye joho atakwenda kumgongea mlango? Atasikia viwanja vikishajengwa.

Nikarudi. Nikamwambia washa.

Nimelisema lote, hata neno moja halikuanguka. Sauti imetoka kama mzinga wa Idi. Mtu mwingine asingeweza, wallahi.

Ijumaa, 22 Februari 2019

Khalfan hajibu salamu. Wenzake pia. Simu yangu imekufa — ile ya matangazo visiwani hailali.

Jumamosi, 2 Machi 2019

Houston. Kuna hitima, mwenzetu kafiwa na mama yake. Sikualikwa. Kwenye hitima mtu haalikwi, nimekwenda. Kidawa kaendesha, mvua njia nzima. Nimevaa joho.

Niliingia nikatoa salamu. Wachache wakajibu chini chini. Mstari wa mbele hakuna aliyesogea. Nikasimama pale pale, na joho langu ndilo zuri kuliko yao wote, hilo waliliona. Khalfan akasema mbele ya watu: nirekodi kwamba lile tangazo lilikosewa, nitoe na ng'ombe wa faini, nafasi yangu ipo.

Nikamjibu: "Ng'ombe nitatoa, hata wawili. Neno silirudishi."

 Wakaniambia nitoke, wanajadiliana.

Sasa niko garini. Naandika juu ya goti. Kidawa alikwenda kwa wanawake, karudi na sahani ya pilau. Nimekula hitima na harusi maisha yangu yote, nimekaa mbele kote — sijapata kupakuliwa nyama kama hii. Nimemwuliza nani kapakua. Anasema wote, baba, walikuwa wanapokezana mwiko.

Akiwa huko, tangazo jipya likaingia kwenye simu yake. Polycarpe keshalitafsiri kwa ujumbe wa sauti, Kidawa kaligeuza. Maji ya bomba, mitaa na siku zake. Nimelisikiliza mara tatu, limekaa kichwani. Kidawa anauliza tungoje kurekodi mpaka tufike nyumbani? Tungoje nini.

Mlango wa ukumbi umefunguka. Khalfan anakuja, na wawili nyuma yake. Sijui wameamua nini, nyuso zao hazisemi. Asimame kwanza, asikie. Atasikia wakati mmoja na watu wote, si mbele, si nyuma.

Kidawa anasema tayari. Nashusha vioo vyote vinne —