Hodi ya Kwanza

Kwa mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini baridi ya Kitale haijakushinda. Huku Bungoma tuko salama. Shangazi yako alijifungua msichana pale hospitali ya Lugulu, na mtoto akilia anasikika mpaka barabarani.

Umeniuliza kuhusu yule mama ambaye kanisa lenu linamlipia nyumba. Ana chumba na ufunguo, lakini kila siku anarudi kukaa kwenye veranda ya duka alipokuwa akilala. Sasa wazee wa kanisa wanataka kuacha kulipa, ati hana shukrani.

Shukrani gani? Nekesa, sijawahi kukuambia, lakini hata mimi nililala kwenye veranda ya duka hapo Kitale nikiwa msichana. Ya huko tuyaache. Mwenye duka, mama mmoja Mhindi, alinilipia chumba kwenye ploti, zile nyumba za vyumba vya kupanga. Nilikaa humo siku nyingi bila kuvua viatu, nikingoja kufukuzwa.

Asubuhi moja nikasikia, "Hodi!" Nikadhani anaitwa mtu mwingine.

"Hodi, Rosa! Si unifungulie, bana?"

Alikuwa jirani, anataka chumvi. Veranda haina mlango, kwa hivyo huko hakuna mtu anayekupigia hodi. Nilikaa kidogo kabla ya kukumbuka jibu. Nikasema, "Karibu." Siku hiyo nilivua viatu.

Waambie wazee waendelee kulipa. Na wewe ukienda kwake, usiingie tu kama mwenye ploti. Piga hodi, usimame nje. Hata akichelewa, ngoja. Jibu atalikumbuka.

Kukhu wako,
Rosa