Wifi Yangu Hujibu Yote Jikoni, Akiingia Mtihanini Anaanguka

Shangazi Satwant, shikamoo. Nimeufuata ukurasa wako kila Jumamosi tangu nilipoweza kusoma gazeti bila kufuatisha kidole, na leo ni mimi ninayehitaji msaada, tena nakuomba unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo baba yake wifi yangu anakuja kwetu, na mimi lazima niwe nimeamua kama nitasema ninachokijua au nitanyamaza.

Ninasoma darasa la kumi na mbili na tunaishi kijijini karibu na Barnala, mimi, mama, kaka yangu Gurtej na mke wake Rupinder. Kaka alimwoa kwa mpango ambao wasomaji wako wote wanaujua: Rupinder alikuwa ameshafaulu mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo angekwenda Kanada kusoma, na kaka angemfuata kama mume wake. Lakini baada ya harusi baba yetu aliugua, tukamuuguza, tukamsindikiza kwenye safari yake ya mwisho, na tulipoinua vichwa matokeo ya wifi yalikuwa yamepitwa na wakati, maana hayadumu zaidi ya miaka miwili, ikabidi aanze upya. Amerudia mara mbili. Kusikiliza anafaulu, kuandika anafaulu, kuzungumza ndiyo usiseme, lakini ufahamu, ile sehemu ya kusoma habari ndefu na kujibu maswali, unamwangusha kila mara, tena kwa nusu alama tu.

Kwa kuwa mimi nasoma shule inayofundisha kwa Kiingereza, mama aliamua kwamba mimi ndiye nitakayemnoa, na nimejitahidi, Shangazi, sijakosa hata siku moja. Nikitoka shule nanawa, nachukua kitabu cha mazoezi, nakaa kwenye kizingiti cha jikoni. Wifi wakati huo huwa anakanda unga wa roti, chapati zetu za kila siku, au anakatakata majani ya haradali, mikono yake haishiki karatasi, kwa hiyo mimi nasoma habari yote kwa sauti, polepole, napumzika penye koma kama mwalimu wetu wa Kiingereza anavyotutaka, kisha nasoma maswali na yeye anajibu. Na anajibu yote. Siku moja habari ilihusu nyati wa maziwa wa Italia, na sentensi ya swali ilisema kwamba nyati hupenda kulala majini wakati wa joto, nawe useme kama ni Kweli, Si Kweli, au Haikutajwa. Mimi nilisema Kweli kabla wifi hajafungua kinywa, kwa sababu nani asiyejua, nyati wetu wenyewe tunaowafuga hawatoki dimbwini mpaka wafukuzwe. Wifi alicheka mpaka unga ukamruka usoni.

"Wifi mdogo," akasema, "wewe umejibu kwa nyati wa mama. Huyu aliyeandika kasema maziwa, kasema jibini, kasema malisho. Maji kayasema wapi? Haikutajwa."

Nilifungua majibu nyuma ya kitabu, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Sasa mtu kama huyo anaangukaje? Kila Jumamosi anakwenda mjini kwenye kituo cha masomo kufanya mtihani wa majaribio, na kila Jumamosi anarudi na karatasi ambayo mwanzoni ina majibu mazuri na mwishoni ni nyeupe kabisa, maswali ya habari ya mwisho hajayagusa. Mimi najua kwamba mtu asiyejua jibu hubahatisha, hata darasani kwetu wanaobahatisha ndio wengi, lakini mtu anayeliacha tupu swali ambalo angeweza kulijibu ameamua kuliacha. Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu nikaanza kukumbuka mambo mengine. Nikakumbuka kwamba matokeo ya pili yalipotoka yeye alitabasamu tu akasema Kanada haikimbii. Nikakumbuka kwamba huzungumza na mama yake kwenye simu kila siku na kucheka kuliko anavyocheka nasi. Basi juzi nilijipa moyo nikamuuliza wazi, "Wifi, wewe kweli unataka kwenda?" Akasema, "Geuza hiyo roti, inaungua."

Ndivyo nilivyojua kwamba anaanguka makusudi kwa sababu hataki kwenda na kaka yangu.

Ninampenda wifi, Shangazi. Ndiye aliyenisuka nywele asubuhi ya mazishi ya baba wakati hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba nina nywele. Lakini kaka nampenda pia, na ukimwona utamhurumia, ameshanunua koti nene la kule Kanada na analivaa kwenye ukungu huu wetu akienda kukamua nyati, anasema analizoesha mwili. Mtaani tumekuwa kichekesho. Jirani yetu Chinto aliingia wiki iliyopita kuazima ungo, akamtazama wifi akisukuma roti, akamwambia mama, "Wenzako wanaoa alama, dada, wewe umeoa mikono." Mama alimpa ungo wake, na jioni alituambia kwamba mtihani ujao ukishindikana wifi atarudi kwao mpaka atakapofaulu, na kwamba ndilo atakalomwambia baba yake Jumapili. Na kwetu, mwanamke akirudishwa hivyo, ile "mpaka" huwa haifiki.

Nikisema ninachokijua, mama hatangoja hata mtihani, atamrudisha siku hiyohiyo. Nikinyamaza, kaka ataendelea kuvaa koti lake na kungoja jambo ambalo mke wake analizuia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nami natarajia kuufanya mtihani huo mwakani, Mungu akipenda, na sitaki kuondoka nyumbani nikiwa nimeacha uongo nyuma yangu. Nimefundishwa kwamba ukweli husemwa. Je, nimwambie kaka, nimwambie mama, au nimwambie baba yake mbele ya wote?

Wako mtiifu,
Wifi Mdogo

SHANGAZI ANAJIBU

Wifi Mdogo, marahaba. Barua yako ni nzuri, koma zimekaa mahali pake, na mwalimu wako apewe pongezi zake. Ila kwenye ufahamu aliyeanguka ni wewe.

Tufanye zoezi, wewe na mimi, kwa ile habari uliyoniandikia. Swali la kwanza: wifi anaacha maswali tupu makusudi. Swali la pili: wifi hataki kwenda Kanada. Swali la tatu: wifi hampendi kaka yako. Yote matatu umejibu Kweli, haraka, kabla mtu hajafungua kinywa, kama ulivyofanya kwa nyati. Mimi nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa na miwani, na jibu langu kwa yote matatu ni Haikutajwa. Anayecheka na mama yake kwenye simu ana mama anayechekesha. Anayesema Kanada haikimbii amekwenda shule ya jiografia. Na anayeulizwa swali zito huku roti ikiungua ana haki ya kuokoa roti kwanza.

Sasa nikuoneshe yaliyotajwa, maana umeyaandika mwenyewe kisha ukayapita. Umetaja kwamba habari unasoma wewe. Umetaja kwamba yeye husikiliza huku mikono iko kwenye unga. Umetaja kwamba sehemu ya kusikiliza anafaulu bila shida. Mwanangu, umekuwa ukimnoa kila siku bila kukosa, na umemnoa masikio. Masikio yake sasa yanakata kama wembe. Macho yake hujayapa kitu.

Kule mtihanini hakuna wifi wa kumsomea kwa sauti nzuri. Kuna kurasa zilizojaa maandishi, saa ukutani, na yeye. Anaanza vizuri, anasoma kila mstari kwa uangalifu kama mtu aliyekaa na njaa ya kusoma muda mrefu, anajibu sawasawa, na saa inamkuta habari ya mwisho hajaifungua. Ndiyo maana mwanzo wa karatasi ni mzuri na mwisho ni mweupe. Aliyeamua kuanguka hahangaiki kupatia ya mwanzo.

Kabla ya kuolewa alifaulu, na sioni ajabu. Kwa mama yake alikuwa akikaa. Katika barua yako yote, tangu juu hadi sahihi, nimemwona wifi yako akikanda, akikatakata, akisukuma, akicheka na akikusuka nywele. Nimemtafuta mahali alipokaa na ukurasa mbele ya macho yake hapo kwenu, sikumpata. Mmeoa mwanamke kwa ajili ya kusoma, kisha mkamnyima pa kusomea. Chinto aliuona mkono wa wifi yako kwenye roti na akaucheka. Laiti angeuliza nani aliuweka pale.

Sikugombezi kwa ubaya. Una moyo safi na unataka kusema kweli, na hilo ni jambo kubwa kwa umri wako. Lakini kweli husemwa na anayeijua. Wewe ulikuwa tayari kumwondoa mtu nyumbani kwake kwa jibu ulilobahatisha.

Basi sikia utakavyofanya, na anza leo hii, usingoje Jumapili.

Ukitoka shule, nawa kama kawaida yako, halafu unga ukande wewe. Kitabu mpe yeye, mlango ufunge, saa ya ukutani ihamie chumbani kwake. Saa nzima, habari zote tatu, kwa macho yake na kwa ukimya. Wewe usisome hata neno. Wiki ya kwanza atakuwa mzito na atakasirika, mwache akasirike. Mwambie asisome kila sentensi kama anaihifadhi kwa moyo: aisome aya, ajue inahusu nini, aende kwenye maswali, kisha arudi kutafuta. Swali likimkamata shati, alivue shati aendelee, atalirudia mwishoni. Na asiache hata nafasi moja tupu, kwa kuwa jibu baya halipunguzi alama na nafasi tupu haijawahi kumfaulisha mtu. Saa ikiisha, hapo ndipo mkae pamoja na mcheke mtakavyo kuhusu nyati.

Roti zako zitakuwa na pembe. Zitaliwa.

Mama yako usimwambie kwamba wifi anaanguka makusudi, kwa sababu hilo hulijui. Mwambie unalolijua: "Mama, nilikuwa namfundisha vibaya. Anahitaji saa yake ya kusoma, na jikoni nitaingia mimi na kaka." Sema hivyo kwa heshima na usirudi nyuma. Mama aliyefiwa na mume wake anaogopa mambo mengi kwa wakati mmoja. Mpe jambo moja linaloweza kutengenezwa na utaona atakavyolishika. Kuhusu Gurtej na koti lake, jikoni kuna joto, kwa hiyo alivue. Mwanamume anayejiandaa kuishi Kanada na mke anayesoma ajue mapema kwamba kule unga haujikandi.

Lile swali lako la juzi lilikuwa zuri, ila uliliuliza mahali pabaya. Muulize tena akiwa amenawa mikono, mmekaa juani juu ya paa, na hakuna kitu motoni. Akikwambia anataka kwenda, mwamini na umsaidie. Akikwambia hataki, mwamini vilevile, na hapo kazi yako ni ndogo: msindikize mpaka mlangoni kwa mumewe, yeye aingie akaseme kwa mdomo wake, nawe urudi kwenye vitabu vyako. Ndoa ya watu haina nafasi ya mtu wa kujaza majibu kutoka nje.

Nawe mwakani utaufanya mtihani huo, na utaufaulu, sina shaka. Umeshajua swali gumu kuliko yote ni lipi: lile ambalo jibu lake unalijua sana kichwani hata hukumbuki kutazama kama limeandikwa.

Jumapili baba yake Rupinder akija, mpokeeni vizuri. Akiuliza binti yake yuko wapi, mwambieni yuko chumbani anasoma, atatoka saa ikitimia. Na chai ailete Gurtej.

Shangazi Satwant